Nilitwanga Sombe Nimefunga Mdomo

Mtu akikuambia kwamba aliishi Kampemba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, miaka na miaka bila kula sombe, mcheke, kisha mwulize alikuwa akila nini. Sombe ndiyo inayotulisha. Majani ya muhogo, wengine huyaita kisamvu, ukiyatwanga na kuyachemsha vizuri, ukatia mawese, na karanga ukijaliwa, bukari, yaani ugali wetu, inashuka yenyewe. Mwenye ofisi anakula sombe, asiye na kazi anakula sombe, na penye msiba ndiyo usiseme. Mimi niliishi humo humo, tena katika nyumba ya muuza sombe, na sikuila. Wala si kwamba sikuipenda. Tangu utotoni hakuna mboga niliyoipenda kuizidi.

Nyumba ilikuwa ya mama mudogo, mdogo wake mama yangu mzazi. Mume wake alikuwa ameondoka zamani kwenda kutafuta kazi ya migodi na hakurudi wala kutuma habari. Kila asubuhi magunia ya majani yalishushwa mlangoni, tukayachambua, tukayatwanga kwenye kinu kikubwa, tukafinyanga mabonge na kuyapanga kwenye beseni, tayari kwa soko. Ninajua kutwanga, sitajidai unyenyekevu hapo. Lakini nilitwanga nimefunga mdomo, midomo nimeikaza hadi inauma, kwa sababu mchi ukishuka maji ya kijani huruka, na nilijua kwamba tone moja likiniingia kinywani kuna mtu atakufa. Wateja waliniona nina kiburi. Walisema yule mtoto wa mama sombe hata salamu hajibu.

Mtu ambaye angekufa alikuwa kaka yangu. Huku kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kike au wa kiume, na mimi nilikuwa na yaya mmoja tu.

Kwetu ni upande wa Lukafu, mahali pa mahindi na muhogo. Mama alikufa kwa ugonjwa kabla ya vita, baba akabaki na sisi wawili. Vita vilipofika walipita askari wa upande huu na wa upande ule, na wote walivuna wasichopanda. Siku moja baba alitoka na baiskeli kupeleka mahindi, hakurudi. Tulimkuta karibu na mto, baiskeli haipo. Baada ya hapo vijana wa kijiji waliingia porini kupigana, na sisi tukawaita watu wa maji, kwa kuwa walinyunyiziwa maji ya dawa kabla ya kwenda vitani ili risasi zisiwaingie. Yaya alikwenda nao. Mimi niliachwa kwa jirani, nikalia hadi sauti ikakauka.

Kisha akarudi kunichukua, mchana kweupe, bunduki begani na shati la mtu mwingine mwilini. Alisema dokta wao anahitaji msichana ambaye bado hajavunja ungo, wa kubeba maji. Habari ya dokta na ya maji ilinipita masikioni. Nilichosikia mimi ni kwamba yaya amenifuata. Nilimshika mkono njia nzima nikirukaruka, na leo nikiukumbuka mruko ule natamani kumzaba kofi yule mtoto niliyekuwa.

Dokta hakuwa na sindano. Alikuwa mzee mfupi, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyobaki na kioo kimoja. Kazi aliyonipa ilikuwa kuchota maji ya mto kabla mtu yeyote hajayakanyaga, kuyabeba katika beseni hadi kwake ayatie majani yake, kisha kusimama mbele ya wapiganaji na kuwanyunyizia vifuani kwa kicha cha nyasi. Wengine walikuwa wadogo kuliko mimi na walifumba macho kama watoto wanaooshwa uso. Miiko yangu ilikuwa mitatu tu: kichwa changu kisiguswe, nisipige mluzi, na nisile sombe. Sombe ndiyo iliyokuwa kubwa. Dokta alisema nikiila, maji yatakosa nguvu, na risasi ya kwanza itamtafuta mtu wa damu yangu. Akauliza hapo kambini mtu wa damu yangu ni nani, na yaya akainua mkono.

Nikaushika mwiko huo kufa na kupona. Kila walipotoka kwenda kupigana na kurudi wamepungua, macho yote yalinigeukia mimi. Dokta aliniita mbele ya watu nifungue kinywa, akanitazama ulimi kwa ule upande wa miwani wenye kioo, akatafuta rangi ya kijani. Hakuiona hata mara moja. Hapo aliwageukia wapiganaji akauliza nani amelala na mwanamke, nani amepiga mluzi, na mimi nilirudi kukaa. Mambo mengine niliyoyaona pale sitayaandika. Nimeshayachora, nimeshayasimulia kwa waliolipwa kunisikiliza, inatosha.

Njaa ndiyo nitaiandika. Vijiji vilikuwa vitupu na mashamba yamemezwa na magugu, na kilichobaki kimesimama ni muhogo. Nilikula bukari ya muhogo peke yake, nimegeuza mgongo, harufu ya sombe ikitoka sijui wapi na kunizunguka. Niliambiwa ni pua yangu inayonidanganya kwa tamaa. Jioni yaya alikuja kukaa nami na kuniletea chumvi iliyofungwa ndani ya jani. Alinitazama nikichovya bukari humo, akacheka, akasema mdogo wake ana roho ya askari kuliko askari wenyewe. Chumvi ile ilinitosha. Ningekula mchanga kama yeye ndiye angeuleta.

Siku ya kutoka ilikuja ghafla. Watu wa programu ya kuwatoa watoto vitani walizungumza na wakubwa wetu, na tulipelekwa hadi Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, ambako lori lilikuwa likitungoja. Walichukua watoto peke yao. Yaya alikuwa ameshaota ndevu, wakamwambia wakubwa wana njia yao na itafika baadaye. Wapiganaji wengine walisukumana kutuaga. Yeye alinipandisha mwenyewe, akaniinua kwa kwapa, na mkono wake ukabaki umeshika ubao wa lori hata injini ilipowaka.

Akaniambia, "Usikule sombe mpaka siku nitafika. Ukikula, ni miye njo utauwa."

Nikamwapia. Lori likaondoka, na vumbi la njia ile likanifungia uso wake.

Kituo cha Lubumbashi kilikuwa na ukuta mrefu, vitanda vya juu na chini, na mwalimu mmoja ambaye hadi leo sina neno baya juu yake. Alikuwa mama aliyezaliwa hapa mjini kwa wazazi waliotoka Kasai, msomi, mtu wa kanisa, mwenye tabia ya kutusikiliza huku akitusuka nywele. Mimi sikukubali anisuke, kwa ajili ya kichwa changu. Alitupa karatasi tuchore tuliyoyaona. Wavulana walichora bunduki na nyumba zinazowaka. Mimi nilichora beseni, kesho yake beseni, keshokutwa beseni, mpaka akaniuliza kwa upole kama kwetu tulikuwa tunauza vyombo.

Mwalimu yule aligundua kwamba hatutoki vitani hata kama tumelala kitandani, kwa sababu kila mmoja amebeba miiko yake. Basi akaweka siku ya kuivunja. Kila mtoto alitaja alichokatazwa, na siku hiyo angekifanya mbele ya wote, na wote wangeona kwamba anga halianguki. Mvulana mmoja alikuwa amekatazwa kushikwa mkono. Tulipanga mstari tukamshika mkono mmoja mmoja, na yeye akalia kuanzia mkono wa kwanza hadi wa mwisho. Mwingine alikula yai, akashika tumbo akingoja kufa, kisha akaomba la pili. Wote tukacheka, naye akacheka.

Ilipofika zamu yangu nikasema mwiko wangu ni kabeji. Porini hatukuwahi kuiona kabeji kwa macho. Nilipikiwa sahani nzima, na nyanya, na vitunguu, nikaila polepole kwa uso wa huzuni, watu wakinipigia makofi kila nikimeza. Kichwa nilikiacha kiguswe, kwa kuwa dokta hakusema nani angekufa kwa hilo. Mwalimu alinikumbatia. Niliona aibu kidogo kwa kumdanganya, lakini kaka ni kaka, na yeye mwenyewe alikuwa akirudi kwa kaka zake kila jioni.

Baadaye programu ile ilituvunjia ahadi. Tuliahidiwa kwamba kila atakayemaliza mafunzo ya ushonaji atapewa cherehani. Tukajifunza, tukakata vitambaa, tukashona mifuko isiyo na idadi. Kisha tukaambiwa vifaa vimepungua na vitaanzia kwa waliorudisha silaha. Nilisimama nikauliza beseni langu linahesabiwa namna gani, wakubwa wakacheka, wakadhani nafanya mzaha. Waliopewa ni waliokuja na bunduki, na hao karibu wote walikuwa wavulana. Muda si mrefu lango likafungwa, ubao wenye jina ukang'olewa, na mwalimu wangu akasimama nje na begi lake kama sisi. Yeye ndiye aliyemtafuta mama mudogo mjini hadi akampata.

Mama mudogo alinipokea kwa kilio, akanipapasa mwili mzima kutafuta majeraha. Jioni ile aliweka mezani bukari na sombe ya mawese, amejaza bakuli. Nikamwambia ukweli wote, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kuusikia tangu nitoke porini. Nilitegemea atanicheka au ataniombea. Hakufanya hivyo. Alilivuta bakuli upande wake, akaniapia kwa kaburi la dada yake kwamba ndani ya nyumba ile mkono wake hautanipa sombe hadi yaya afike. Nikalala usingizi wa kwanza wa kweli.

Na alijitahidi, sitamnyima haki yake. Siku za neema alinipikia mchicha wa lengalenga au dagaa wa kapenta pembeni, kwenye kisufuria changu. Lakini siku za neema zilikuwa chache. Mji ulikuwa umechoka, viwanda vimenyamaza, unga ulikuwa unapanda na watu wanapungua mwilini. Nyumba nyingi zilikula sombe tu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mimi nilirudia bukari na chumvi. Nilitwanga majani toka asubuhi, mdomo umefungwa, kisha nikaosha mikono mara nyingi na kukaa kuchovya tonge kwenye chumvi. Nilimngoja yaya. Kila lori lililoingia mtaani na vumbi jekundu la njia ya Kasomeno, nililiangalia nyuma kuona nani anashuka.

Mwishowe mwili ukakataa. Malaria ilinikamata, ikaondoka, ikarudi, na muuguzi akamwambia mama mudogo kwamba damu yangu imekwisha, viganja vyangu vimekuwa vyeupe. Nakumbuka dari, nakumbuka mkono wake chini ya shingo yangu, na kikombe cha kinywaji chekundu chenye sukari, kizito kidogo. Alisema ni nyanya ya kopo na maziwa. Nilikunywa asubuhi, nikanywa jioni, na polepole sauti za mtaani zikaanza kunifikia tena. Siku niliyoweza kutembea kwa kushika ukuta nilitoka uani kuota jua. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na kitambaa cha kuchujia, kimeanikwa. Kilikuwa cha kijani.

Sikupiga kelele. Nilikichukua nikampelekea jikoni, nikakiweka mbele yake. Naye hakujitia hamnazo. Alisema ndiyo, alichemsha sombe, akachuja maji yake, akatia nyanya ya kopo kuficha rangi, kwa kuwa kila mtu anajua maji ya sombe yanarudisha damu na yeye hakuwa na dawa nyingine.

"Yaya yako iko kule," aliniambia. "Weye uko hapa, unakufa mu mikono yangu. Nilichagua ule wa hapa."

Nilimjibu maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Nilimwambia ameapa kwa kaburi na amelikanyaga. Nilimwambia dokta wa porini alikuwa mwaminifu kuliko yeye. Nilichokuwa nikihisi hakikuwa hasira peke yake, kilikuwa hofu iliyonifanya nitapike pale pale, nikijaribu kuyarudisha yale maji yaliyokwisha kuwa damu yangu.

Kisha habari ikaja, na nani angenizuia kuiamini? Mtaani kwetu kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini aliyeuza bidhaa za jumla, na lori lake lilikwenda Kasomeno na kurudi. Dereva wake alishusha mizigo akisimulia kwamba askari wamewavamia watu wa maji wa upande wa Lukafu na kuwamaliza. Nikamwuliza lini. Akanitajia wakati ule ule niliokuwa nimelala, kikombe chekundu mdomoni. Nikakaa chini kwenye mchanga mbele ya watu.

Mama mudogo alitaka tuweke matanga, tuite watu wa kanisa waje waimbe. Nikakataa. Nilimwambia nitakaaje kwenye mkeka kupokea pole za mtu niliyemuua mwenyewe. Alinishika uso kwa mikono yake miwili iliyonuka majani.

"Kama yaya yako alikufa, ni miye njo nilimuua," alisema. "Usiseme ni weye. Sema ni miye."

Na mimi nikasema hivyo. Nikasema hivyo kwa miaka. Niliacha kumwita mama mudogo, nikamwita mwenye nyumba. Nilikaa kwake kwa kuwa sikuwa na pengine, tukatwanga kinu kimoja, mchi wake ukishuka wangu ukipanda, bila neno. Akinisalimu nilijibu kwa kichwa. Akiugua nilimpelekea maji na kuyaweka mbali kidogo na mkono wake. Nilikwisha kuwa mwanamke mzima, nilikuwa na meza yangu sokoni na wateja wangu, na sombe bado sikuila ingawa hakukuwa na wa kumlinda tena. Bado nilichovya chumvi. Yeye alibeba yote hayo na hakunikumbusha hata siku moja kwamba ningekuwa nimekufa.

Yaya alikuja siku ya Jumapili, watu wametoka kanisani.

Alishuka kutoka kwenye lori lile lile la yule mfanyabiashara, mbele, karibu na dereva, na furushi la samaki wakavu. Alikuwa amenenepa. Alivaa shati lililopigwa pasi na alitembea akiulizia nyumba ya mama sombe. Nilimjua kwa namna alivyoinua mkono kuwasalimu watu. Nikashika mlango. Alinicheka, akaniinua kwa kwapa kama siku ile, akasema nimekuwa mzito. Mama mudogo alianguka magoti kwenye varanda akamshukuru Mungu kwa sauti, na mimi nilijua anachoshukuru: kwamba hakumuua mtu. Alifuta machozi kwa kitenge, akaingia jikoni, akachukua majani mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo.

Wakati sombe ikichemka, yaya alisimulia. Yeye alitoka porini msimu ule ule niliotoka mimi, kabla ya mashambulizi yale. Alirudisha bunduki yake, akapewa vifaa na mtaji, akafungua kibanda Kasomeno, barabarani. Alikuwa na mke na watoto. Lori lile lilikuwa likisimama mbele ya kibanda chake miaka yote, na madereva walinunua kwake sigara na biskuti. Nikamwuliza kwa nini hakuja. Alisema kazi, barabara, watoto, unajua mambo. Alisema alisikia niko mjini, akajua niko salama. Aliyasema yote haya kwa uchangamfu, bila kuficha kitu, nami nilikuwa bado natabasamu kwa sababu uso wangu ulikuwa haujapata habari.

Mama mudogo alituandalia mezani: bukari kubwa, bakuli la sombe yenye mawese na karanga, kisahani cha chumvi. Yeye mwenyewe alirudi jikoni, kama desturi ya mpishi. Yaya alinawa, akakata tonge, akalichovya ndani ya sombe hadi vidole vikazama, akala. Nilimtazama koo likishuka na kupanda. Sijui nilingoja nini, labda aanguke.

"Sombe ya mama iko muzuri," alisema. "Kule mu pori tulikuwa tunaikula na chumvi tu."

Nikamwuliza kama nimesikia vizuri, kwamba walikuwa wanakula sombe.

"Sasa tungekula nini? Njo ilikuwa mboga yenyewe. Dokta njo alikuwa wa kwanza."

Nikamkumbusha mwiko wangu, beseni, ulimi wangu uliofunguliwa mbele ya watu. Alilamba kidole akifikiri, kama mtu anayetafuta jina la mtaa aliopita zamani. Ndipo akanieleza, bila uovu wowote, jinsi ilivyokuwa. Majani mazuri karibu na kambi yalikuwa machache na watu wengi, na kwenda mbali kuyachuma ilikuwa kujianika kwa askari. Dokta aliuliza mtoto wa kubeba maji akatazwe chakula gani.

"Miye njo nilisema sombe," alisema. "Juu nilijua weye unaipenda, utakula mingi."

Harufu ile iliyokuwa ikinizunguka porini, basi, haikuwa tamaa ya pua yangu. Walikuwa nyuma ya vibanda, wanakula, na yeye akiwa nao. Kisha alifuta mkono wake, akafunga chumvi kwenye jani, akaniletea.

Nilikuwa na swali moja tu lililobaki. Nikamwuliza kuhusu lori, kwa nini siku ile aliniambia nisile hadi afike, wakati nilikuwa nakwenda mjini ambako sombe ni tele na sikuwa nampunguzia mtu.

Alitabasamu, akatazama chini, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona kitu usoni mwake kilichofanana na yaya niliyemjua.

"Ile ilikuwa tu juu usinisahau," alisema.

Sikumsahau. Nilimkumbuka kwa kila tonge kavu, kila asubuhi mchi ukishuka. Nilimkumbuka hadi damu yangu ikakaribia kuisha, na nikamtesa kwa ajili yake mtu pekee aliyenidanganya ili niishi. Yeye alikuwa anauza biskuti barabarani. Nilitamani kulia mbele yake aone, lakini alikuwa ameshakata tonge jingine, na mkono wake ulikuwa njiani kuelekea bakuli.

Nikaliinua bakuli. Nililibeba kwa mikono miwili, nikapita nalo hadi jikoni, ambako mama mudogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mbabula, makaa yakipoa, na bukari yake kidogo kwenye kifuniko cha sufuria. Nikakaa chini kando yake. Nikamega kwenye bukari yake, nikachovya, nikafungua mdomo. Ilikuwa na karanga. Ilikuwa na chumvi ya kutosha, na ule uchungu mdogo unaobaki mwishoni, ambao nilikuwa nimeusahau kabisa.

Aliniangalia nikimeza, naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Mama mudogo," nikamwita. Alinisogezea kifuniko, tukala. Mkono wake na mkono wangu ilikutana ndani ya bakuli moja, na machozi yakanishuka hadi kwenye sombe na sikuyafuta.

Kutoka mezani yaya aliita, akauliza mboga imekwenda wapi, bukari yake inapoa. Mama mudogo, kwa mazoea ya ukarimu, alianza kuinuka. Nikamshika kitenge akakaa.

"Chumvi iko apo ku meza, yaya," nikamjibu.